Mnara, simu, kituo au ujuzi: fungu la kidijitali lianzie wapi?

Ukikaa kwenye kikao cha kupanga mkakati wa TEHAMA, uwe wa taifa zima au wa halmashauri moja, mjadala huwa ni uleule. Mmoja anataka minara. Mwingine anasema minara ipo tele, watu hawana simujanja. Wa tatu anakumbushia kompyuta za shule, na wa nne anashikilia kwamba bila mafunzo vyote hivyo vitaishia kabatini. Kila mmoja ana hoja, na fungu ni hilohilo moja. Makala hii ni kwa waliokwama hapo: maofisa mipango, madiwani, watu wa mashirika, na wanafunzi wanaoandika tasnifu kuhusu mambo haya na kukuta kila ripoti inapendekeza yote kwa pamoja.

Kupendekeza yote ni rahisi. Kupanga nani atangulie ndiyo kazi.

Tuanze na hesabu moja. Shirika la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu bilioni 2.6 duniani walikuwa bado hawatumii intaneti, na kwamba Afrika waliokuwa wakiitumia ni asilimia 38 tu. GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, kinalichambua pengo hilo kwa namna inayomsaidia zaidi mpangaji. Kwa takwimu zake za mwaka 2023, kati ya watu 100 wa Afrika kusini mwa Sahara, kama 27 walitumia intaneti ya simu, 13 waliishi mahali ambapo intaneti hiyo haijafika, na 60 waliishi pale ilipofika lakini hawakuitumia. Sitini. Hao mtandao unawapita juu ya bati kila siku. Kinachowazuia ni bei ya simu, bei ya bando, kutojua kusoma, kutoona la kufanya huko mtandaoni, au simu ya nyumba kuwa mfukoni mwa baba.

Kwa hiyo njia zote nne nitazipima kwa maswali yaleyale: inamgusa nani kwanza, fedha zinaliwa wapi, huharibikia wapi, na inamfaa nani. Kasi ya mtandao sikuiweka kwenye vipimo. Kwa asiye na chochote, ubishi wa 4G na 5G ni wa watu wengine.

Njia ya kwanza: mnara na mkongo

*Inamgusa nani.* Anayeishi pasipo na mtandao kabisa, na pia benki, hospitali, vyuo na ofisi zote zinazotegemea laini kubwa. Hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki ilikuwa ikivuta intaneti kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zikafika pwani yetu, EASSy ikafuata 2010, na mikongo ya ndani ya nchi ikapata cha kusafirisha. Bila hatua ile, njia tatu zinazofuata zisingekuwa hata na mjadala.

*Fedha.* Mzigo mkubwa ni wa mwanzoni, na ndiyo maana nchi nyingi zimeunda mifuko ya mawasiliano kwa wote. Tanzania ina UCSAF, iliyotokana na sheria ya mwaka 2006. Kenya nayo ina wake, unaochangiwa na kampuni za mawasiliano zenyewe. Mfuko unamlipa mtoa huduma ruzuku ili aende kata ambayo hesabu za biashara peke yake zisingempeleka. Mei 2023 zilisainiwa Dodoma, kwa mtindo huo, kandarasi za minara 758 kwenye kata 713.

Mzigo wa pili hauonekani kwenye picha za uzinduzi. Mnara wa kijijini usio na umeme wa gridi unakunywa dizeli, una mlinzi wa kulipwa, una betri ambazo wezi wanajua bei yake, na una barabara ambayo masika haipitiki. Mtoa huduma akiona wateja wa pale wananunua bando dogo mara moja kwa wiki, hana haraka ya kumtuma fundi. Kibiashara huwezi kumlaumu. Dawa ni kuandika kwenye mkataba wa ruzuku saa ambazo mnara unatakiwa kuwa hewani kila mwezi, na kulipa sehemu ya fedha baada ya saa hizo kuthibitishwa. Mikataba inayolipa mnara kusimama hupata minara iliyosimama.

*Huharibikia wapi.* Somo kubwa liko Rwanda. Mwaka 2013 serikali ilishirikiana na KT, kampuni ya simu ya Korea Kusini, kuunda kampuni moja iliyopewa haki ya pekee ya kujenga 4G nchi nzima na kuwauzia kwa jumla watoa huduma wengine. Kwa kueneza, mpango ulifaulu kuliko ilivyotarajiwa na wengi: ndani ya miaka michache zaidi ya asilimia 95 ya wananchi walikuwa mahali ilipofika 4G. Walioinunua walibaki wachache, kwa sababu bei ilikuwa juu na simu za 4G hazikuwa mikononi mwa watu. Haki ile ya pekee baadaye ikaondolewa, na mwaka 2023 MTN Rwanda ikazindua 4G yake yenyewe. Ukitaka ushahidi kwamba kufikisha mtandao na kuutumia ni mambo mawili, usiende mbali zaidi ya Kigali.

Kuna pia hatari ya kutegemea njia moja. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika karibu wakati mmoja, na intaneti ya ukanda mzima ikadorora kwa siku kadhaa. Na kuna kishawishi cha teknolojia ya ajabu: maputo ya Loon yalianza kurusha intaneti Kenya Julai 2020, na Januari iliyofuata kampuni mama, Alphabet inayomiliki Google, ikatangaza kuufunga mradi. Setilaiti za mzunguko wa chini kama Starlink, iliyoingia Rwanda na Kenya mwaka 2023, ni habari nyingine. Zimeshathibitisha kwamba zinafanya kazi. Ila bei ya kifaa chake inamfaa zaidi mwenye shule, zahanati au lodji kuliko kaya ya mkulima.

*Inamfaa nani.* Nchi au wilaya ambayo ramani yake ya mtandao bado ina matundu makubwa, na ambayo iko tayari kumlipa mwendeshaji kwa miaka, hata baada ya kamera za uzinduzi kuondoka.

Njia ya pili: kifaa mkononi

*Inamgusa nani.* Wale 60. Hasa mwenye kitochi anayepiga simu na kutuma pesa vizuri kabisa, lakini hana pa kufungulia ukurasa.

*Fedha.* Hapa kuna namna mbili zinazochanganywa sana vikaoni. Moja ni kupunguza bei: kufuta kodi, kuruhusu mkopo wa simu, kuunganisha simu nchini. Nyingine ni serikali kununua na kugawa. Ya kwanza serikali hailipi kitu mkononi, inapoteza mapato. Kenya iliondoa VAT kwenye simu mwaka 2009, mauzo yakapanda sana, kisha ikairudisha 2013. Tanzania iliisamehe simujanja VAT mwaka 2021 na kuirudisha mwaka uliofuata, kwa hoja kwamba nafuu haikumfikia mnunuzi wa mwisho. Hoja hiyo si ya kupuuza: kodi inaondoka bandarini, bei ya Kariakoo inabaki palepale. Lakini mwaka mmoja ni mfupi mno kwa soko kujipanga, na mfanyabiashara anayejua kwamba msamaha utafutwa bajeti ijayo hana sababu ya kushusha bei.

Mkopo wa simu umekwenda vizuri zaidi. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ulioanzishwa Kenya na Safaricom mwaka 2020, ulimruhusu mtu kulipa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Simu inajifunga asipolipa. Soma mkataba wa mipango ya namna hii kabla ya kuusifu jukwaani, maana jumla anayolipa mteja huwa juu ya bei ya dukani, na anayekosa siku chache kwa sababu ya msiba au ugonjwa ndiye unayetaka kumfikia.

*Huharibikia wapi.* Kugawa. Rwanda ilianza na laptop za watoto mwaka 2008 na kugawa zaidi ya 200,000. Kenya iliahidi laptop kwa kila mtoto wa darasa la kwanza kwenye kampeni za 2013. Zikaja kuwa tableti, zikaanza kusambazwa 2016, na hatimaye vikafika vifaa zaidi ya milioni moja shuleni. Peru ndiyo iliyopima kwa makini: tathmini ya Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika, iliyotoka 2012, haikuona alama za hisabati na lugha zikipanda kwenye shule zilizopata laptop.

Sababu huwa hazina ufundi wowote ndani yake. Ingia stoo ya shule iliyopata vifaa vya namna hii. Kuna kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, kwa sababu kifaa kikipotea ni yeye atakayeandika maelezo. Darasani kuna soketi moja, au hakuna. Chaja ni pungufu kuliko vifaa. Mwalimu wa sayansi angependa kuvitumia, lakini kuvitoa, kuvihesabu, kuviwasha na kuvirudisha kunakula nusu ya kipindi cha dakika arobaini. Anaamua kutumia ubao. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Kuna mgao mmoja uliokuwa na akili zaidi, japo haukupangwa kama mkakati wa pengo la kidijitali: vishikwambi vya Sensa ya Agosti 2022 Tanzania vilitumika kwanza kwa kazi halisi, mikononi mwa watu waliofundishwa, na baadaye vikaelekezwa kwa walimu. Kifaa kikianzia kwenye kazi, kinajulikana ni cha nani na cha nini.

*Inamfaa nani.* Mahali penye mtandao wa kutosha na watu wenye kipato kidogo lakini cha kila siku: bodaboda, mama lishe, wachuuzi, wavuvi. Kugawa bure kuachiwe makundi machache yenye kazi maalumu, kama wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao wana ripoti ya kutuma na mtu wa kuipokea.

Njia ya tatu: kituo cha pamoja

*Inamgusa nani.* Asiye na kifaa na asiyetarajia kukipata karibuni, na pia mwenye simu lakini mwenye shida isiyotoshea kwenye kioo kidogo: kujaza fomu ndefu, kuchapisha, kuskani cheti.

*Fedha.* Mwanzo wa wastani, uendeshaji wa kudumu: kodi ya jengo, umeme, bando, mshahara. Uganda ilikuwa miongoni mwa za kwanza kwa Nakaseke, kituo cha jamii kilichofunguliwa 1999 kwa msaada wa wafadhili. Tangu hapo vituo vya mtindo huo vimefunguliwa kwa wingi barani, na ugonjwa wao unajulikana: mfadhili akiondoka, printa ikiharibika, kituo kinageuka stoo. Kenya inajaribu kwa ukubwa mwingine kabisa. Mpango wa serikali ya Rais William Ruto unataja kilomita 100,000 za mkongo, vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma na vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi.

Sasa, kuna jambo ambalo mikakati mingi hairidhii kuliona. Vituo vya pamoja tayari vipo. Tanzania vinaitwa steshenari, Kenya vinaitwa saiba. Dirisha la Bodi ya Mikopo likifunguliwa, au nafasi za kazi zikitangazwa kwenye mfumo wa ajira serikalini, foleni iko kwa kijana mwenye kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, na kila mtu ana bahasha ya kaki yenye vyeti. Anajua mfumo unakwama saa ngapi na unafunguka saa ngapi. Anajua picha ikizidi ukubwa inakataliwa. Hakuna wizara iliyomfundisha.

India imejenga juu ya watu wa namna hiyo. Tangu katikati ya miaka ya 2000 vituo vyake vya huduma za pamoja vinaendeshwa na mwenye biashara wa kijijini, anayepata kamisheni kwa kila huduma ya serikali anayomfanyia mtu. Serikali inaidhinisha na kusimamia. Kodi ya pango ni juu yake.

*Huharibikia wapi.* Siri. Kijana wa steshenari ndiye anayekufungulia barua pepe, anayechagua nywila na anayeiandika kwenye daftari lake la kaunta, kwa nia njema kabisa, maana unarudi kila baada ya miezi mitatu ukiwa umeisahau. Namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA) iko pale, na vyeti vyako viko kwenye kompyuta yake. Ukivitambua rasmi vituo hivi bila kuweka masharti ya faragha, unaupa uzembe huo muhuri wa serikali. Udhaifu mwingine ni umbali: kituo kimoja kwa kata kinamfaa anayekaa makao makuu ya kata.

*Inamfaa nani.* Serikali yenye huduma nyingi zilizokwishahamia mtandaoni na wananchi wengi ambao bado hawajahamia. Pia miji midogo, stendi, na maeneo ya mpakani.

Njia ya nne: ujuzi na huduma yenye maana

*Inamgusa nani.* Mwenye simu na mtandao ambaye haoni kinachomhusu, au anayeogopa kubonyeza asije akaliwa salio.

*Fedha.* Karibu yote ni watu: wakufunzi, posho, nauli, na watengenezaji wa mfumo wenyewe. Vifaa ni kidogo. Ndiyo maana njia hii hupata fungu dogo. Hakuna utepe wa kukata.

Mfano bora zaidi wa ukanda wetu haukuanza kama mkakati wa serikali. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na waliofundisha nchi nzima kutuma pesa ni mawakala kwenye vibanda, mteja mmoja mmoja. Ilifanya kazi kwenye kitochi, kwa menyu fupi, na ilitatua shida iliyokuwepo kabla yake: kumtumia mama pesa kijijini bila kumpa kondakta wa basi. Rwanda ilipozindua Irembo mwaka 2015 kuweka huduma za serikali mtandaoni, iliongeza mawakala wa kumsaidia asiyeweza mwenyewe, na 2017 ikaanza kupeleka vijana mabalozi wa dijitali kufundisha wananchi wilayani.

*Huharibikia wapi.* Mafunzo ya siku mbili ukumbini, chakula, cheti, kwaheri. Anayefundishwa kutumia kitu ambacho hatakigusa tena kwa miezi sita anakisahau. Na huduma ikiwa kwa Kiingereza tupu, ujuzi wote wa kubonyeza hausaidii. Menyu ya pesa kwa simu ingekuja na maneno ya kibenki ya Kiingereza, isingefika Ikwiriri.

Pia kuna wakala mzuri kupita kiasi. Mteja mwenye umri mkubwa anampa simu na namba ya siri kwa sauti ya kusikika foleni nzima, na shughuli inakwisha kwa dakika moja. Amehudumiwa, hajajifunza, na siku matapeli wakimpigia kumtaka namba hiyohiyo ataitoa vilevile.

*Inamfaa nani.* Mahali ambapo mtandao na simu vimeshaenea lakini matumizi yamebaki kwenye kupiga, kutuma pesa na WhatsApp. Inawafaa hasa wanawake wa vijijini na wazee, mradi mafunzo yawafuate walipo: kikundi cha vikoba, kliniki, ghala la ushirika siku ya kupima mazao.

Kodi inayovuta upande wa pili

Kabla ya kuchagua, tazama kama mkono mwingine wa serikali haubomoi unachojenga. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 ikaifuta na kuweka asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Julai 2021 Tanzania ilianzisha tozo za miamala ya simu, kilio kikawa kikubwa, na zikaanza kupunguzwa mwezi Septemba mwaka huohuo. Wizara ya fedha ina sababu zake. Barabara na zahanati hazijengwi kwa hewa. Lakini mkakati wa TEHAMA usiosainiwa na hazina ni barua ya maombi.

Kwa hali yako

Kama zaidi ya kata moja kati ya tano haina mtandao wa kutumika, anza na mnara, na tenga fedha za kuuendesha kabla ya kutangaza zabuni. Kwa nchi isiyo na pwani, kama Burundi, Rwanda au Uganda, sehemu ya fedha hizo iende kwenye kupata njia ya pili ya kufika baharini, kupitia jirani mwingine.

Kama mtandao upo na sokoni watu bado wameshika vitochi, nenda kwenye bei ya kifaa. Msamaha wa kodi uandikwe kwa miaka mitano, na ulenge simujanja za bei ya chini tu. Mwenye kununua simu ya milioni mbili hahitaji huruma ya hazina.

Kama simujanja ni nyingi na foleni za steshenari bado ni ndefu, usijenge jengo jipya. Sajili wenye steshenari, wape mafunzo ya kulinda taarifa za watu, wawekee bei elekezi na namba ya malalamiko ukutani. Ongeza kituo cha serikali pale tu ambapo hakuna mfanyabiashara aliyejitokeza.

Kama wewe ni shirika dogo au halmashauri isiyoweza kugusa kodi wala minara, njia ya nne ndiyo iliyo ndani ya uwezo wako. Chagua huduma moja ambayo watu wa pale wanaihitaji kila mwezi, ifundishe hiyo, na acha mtu wa kuulizwa baada ya wakufunzi kuondoka.

Kama hujui uko kwenye hali ipi, tumia sehemu ndogo ya fungu kuhesabu kwanza. Mamlaka ya mawasiliano ina takwimu za mtandao. Isichokuwa nacho ni jibu la nani ndani ya kaya anashika simu na anaifanyia nini. Waulize wanawake peke yao, wanaume wakiwa hawapo.

Na kama fedha ni za mfadhili zenye ukomo wa miaka mitatu, kifungu cha kwanza cha kujadili ni bili ya umeme, bando na mshahara wa mwaka wa nne: zitatoka kasma ipi, na nani anasaini.